Elimu ni amana, haiishii maabara

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na elimu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, Ijumaa hii tunapenda kuzungumza na wazazi na vijana juu ya jambo ambalo limeanza kuingiza huzuni katika baadhi ya nyumba zetu. Ni jambo la watoto waliosoma sayansi hadi shahada ya uzamili na uzamivu, kisha wakajikuta wanatafuta riziki mahali pengine, si katika maabara wala katika ukumbi wa mihadhara.

Siku moja baada ya sala ya Ijumaa, mzee mmoja wa msikiti tunaoswali alituvuta pembeni. Mwanawe alisoma baiolojia mpaka mwisho wa safari, akapata shahada ya uzamivu, akafanya kazi katika mradi wa utafiti uliofadhiliwa kutoka nje. Mradi ulipofungwa, mkataba nao ukaisha. Kijana aliomba nafasi za uhadhiri bila ya kupata, hatimaye akakubali kazi katika shirika linalowafundisha wakulima namna ya kukausha na kuhifadhi mahindi. "Sheikh wangu," mzee alituambia, "niliuza shamba la minazi ili mwanangu awe mwanasayansi. Leo anazunguka vijijini na maturubai. Watu wakiniuliza, niwaambie nini?"

Tulimuuliza kijana mwenyewe yuko wapi. Akajibu kuwa hakuja nyumbani Idi iliyopita. Alituma fedha za nguo za wadogo zake na kusema kuwa kazi zimembana. Baba alijua, nasi tukajua, kuwa kilichombana ni haya.

Jambo hili halipaswi kupita hivi hivi. Familia ya Kiislamu isimpoteze mtoto wake kwa sababu ya jina la kazi.

ELIMU NI AMANA

Tuanze na msingi. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Tirmidhi kutoka kwa Abu Barza al-Aslami (R.A.), Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa mja hataondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe mambo kadhaa: umri wake aliumaliza vipi, mali yake aliichuma wapi na kuitumia katika nini, mwili wake aliuchakaza katika lipi, na elimu yake aliifanyia nini. Tuzingatie swali lilivyo. Mja haulizwi aliitwa nani, wala alikaa katika ofisi gani. Anaulizwa aliifanyia nini elimu yake.

Vilevile imepokewa na Imamu Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na elimu isiyo na manufaa. Kipimo chetu basi ni manufaa. Maabara ni chombo kitukufu cha kuzalisha elimu, lakini ni chombo tu. Anayetoka humo na elimu yake akaenda kuwafaa viumbe hajaikimbia amana. Huenda ndiyo kwanza anaitekeleza.

Qur'ani Tukufu imetusimulia kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Mwenyezi Mungu alimpa elimu ya kufasiri ndoto, na kwa elimu hiyo akaitambua njaa itakayoikumba Misri kabla haijafika. Hakuishia katika kufasiri. Aliomba akabidhiwe hazina za nchi, na katika aya ya 55 ya Sura inayobeba jina lake alitaja sifa mbili za kumstahikisha: kuhifadhi na kujua. Elimu ya ndoto ikawa kazi ya ghala na kugawa chakula, na watu wengi wakasalimika. Je, yupo anayethubutu kusema kuwa Nabii Yusuf alishuka daraja pale alipoanza kuhesabu magunia?

WALIOTUTANGULIA

Tukitazama historia ya wanazuoni wetu tutaona kuwa mpaka huu tuliouweka baina ya mwanasayansi na kazi nyingine wao hawakuujua. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra mjini Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya mirathi na wasia. Hisabati yake iliingia mahakamani, sokoni na katika nyumba za mayatima.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra ambaye utafiti wake juu ya mwanga na macho ulisomwa hadi Ulaya kwa karne nyingi, anasimuliwa na waandishi wa wasifu kuwa alipokuwa Kairo alijipatia chakula chake kwa kunakili vitabu vya hisabati na kuviuza. Imamu Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa Kufa, na biashara haikumzuia kuwa Imamu wa mamilioni ya Waislamu hadi leo.

Naye Imamu Ghazali aliacha kiti cha Madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, mwaka 1095, kiti kilichotamaniwa na kila mwanachuoni wa zama zake. Aliona kuwa nia yake imeingiwa na kutafuta sifa. Baada ya miaka kumi na moja alirudi kufundisha, safari hii Nishapur. Kuondoka kwake hakukuwa kushindwa, na kurudi kwake hakukuwa aibu. Ni huyo huyo Ghazali aliyetufundisha katika Ihya kuwa utabibu na hesabu ni fardhi kifaya, na kwamba hata kilimo na ufumaji vimo humo, kwa kuwa mji ukivikosa wote, watu wake wote wana dhambi.

HESABU ZA NAFASI

Baadhi ya wazazi hudhani kuwa mtoto asiyepata uhadhiri hakujitahidi. Tuwe waadilifu. Mwaka 2010 Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza, yaani Royal Society, ilitoa ripoti iliyogusa pia safari za wahitimu wa uzamivu wa sayansi nchini humo. Ilionekana kuwa asilimia 53 walikwenda katika kazi nje ya sayansi mara tu baada ya masomo. Waliofikia kuwa watafiti wa kudumu katika vyuo vikuu walikuwa asilimia 3.5, na waliofikia uprofesa hawakutimia 5 katika kila 1,000. Hiyo ni Uingereza, yenye vyuo vya karne nyingi na fedha nyingi za utafiti.

Kwetu Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya utafiti hutegemea miradi ya wafadhili. Mradi una mwanzo na mwisho, na fedha zikisha hata mtafiti hodari hufunga virago. Ni vyema basi mzazi ajue tangu mwanzo kuwa shahada ya uzamivu si hati ya kumiliki kiti cha chuo kikuu. Ni mafunzo ya kuuliza swali gumu, kulitafutia ushahidi, na kusema ukweli hata pale matokeo yanapokwenda kinyume na matamanio. Mafunzo hayo yana wahitaji wengi.

MILANGO ILIYO WAZI

Turudi kwa yule kijana wa maturubai. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni, Kitui na Machakos, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupika, na mwenye kuila kidogo kidogo kwa miaka hukabiliwa na hatari ya saratani ya ini. Wanasayansi waliijua tangu miaka ya 1960. Hawakufa wale watu kwa kuwa maabara hazijui. Walikufa kwa kuwa yanayojulikana maabara hayakufika ghalani. Anayeanika mahindi juu ya turubai badala ya ardhi tupu, na kumwonesha mkulima kwa nini, anaokoa roho. Nasi sote twajua Qur'ani ilivyoitukuza kazi ya kuokoa roho moja.

Tutazame mlango mwingine. Waislamu wetu, Mwenyezi Mungu awalipe, wanachimba visima vya sadaka kila mwaka. Ni wangapi huyapima maji kabla ya kukabidhi kisima? Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro yako maeneo ambayo maji ya ardhini yana madini mengi ya floridi, na ushahidi wake ni meno ya kahawia ya watoto na mifupa iliyopinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja. Katika pwani na visiwani tatizo huwa ni chumvi ya bahari kuingia kisimani. Jumuiya zetu za misaada zinahitaji mkemia mmoja mwenye kujua kusoma majibu ya vipimo na kusema: hapa tusichimbe. Sadaka ya mtu huyo ni kubwa kuliko saruji.

Kisha kuna suala la halali katika chakula na dawa. Jelatini ya pipi na vidonge inaweza kutoka kwa ng'ombe au kwa nguruwe, na jicho halitofautishi. Vipimo vya vinasaba ndivyo vinavyotofautisha. Malaysia iliweka kiwango chake cha chakula halali, MS 1500, tangu mwaka 2000. Thailand, nchi ambayo Waislamu ni wachache, ina Kituo cha Sayansi ya Halali katika Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, Bangkok. Muhuri wa halali unahitaji sheikh anayejua hukumu na mwanasayansi anayejua kilichomo ndani ya pakiti. Tunao masheikh. Wako wapi wanasayansi watakaokaa nao meza moja?

Tukiongeza kazi za viwango na ukaguzi wa dawa, takwimu, hali ya hewa, uandishi wa habari za sayansi kwa Kiswahili safi, uandaaji wa sera, na ualimu wa sekondari, orodha haitaisha. Kuhusu ualimu tuseme wazi: uhaba wa walimu wa hisabati na sayansi ni kilio cha miaka mingi, na shule zetu za Kiislamu hazikusalimika. Binti mwenye uzamili wa kemia anayesimama mbele ya wasichana arubaini wa kidato cha tatu hajaipoteza elimu yake. Ameizidisha mara arubaini.

Hata katika uongozi wa nchi tuna mifano. Dk. Mohamed Gharib Bilal alisomea sayansi ya nyuklia hadi uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akawa Waziri Kiongozi wa Zanzibar kuanzia 1995 hadi 2000 na Makamu wa Rais wa Tanzania kuanzia 2010 hadi 2015. Dk. Ali Mohamed Shein alipata uzamivu wa masuala ya biokemia ya tiba Newcastle, Uingereza, mwaka 1988, na baadaye akawa Makamu wa Rais, kisha Rais wa Zanzibar kuanzia 2010 hadi 2020. Mtu anaweza kuafikiana au kutoafikiana na siasa zao. Hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa walifeli kwa sababu waliiacha maabara.

TUSISAHAU HALALI NA HARAMU

Pamoja na hayo, mlango kuwa wazi si dalili kuwa ni halali kuuingia. Viwanda vya pombe ni waajiri wakubwa wa wataalamu wa kemia na vijidudu, na mishahara yao inavutia. Kijana wa Kiislamu aliyekaa miezi kumi bila ya kazi, mwenye mke na mtoto, anapoletewa barua kutoka huko, huo ni mtihani wa kweli, na tusiuzungumze kwa wepesi. Lakini hukumu iko wazi. Mtume (S.A.W.) alilaani watu kumi wanaohusika na pombe, akiwemo anayeikamua, anayeibeba na anayekula thamani yake, kama walivyopokea Tirmidhi na Ibn Majah. Mwenye kupima ubora wake ili iuzike atajitoa vipi katika kundi hilo?

Hapa ndipo lawama inapoturudia sisi. Kijana huyo hakuachwa peke yake na Mola wake, bali ameachwa peke yake na sisi. Matajiri wetu wana viwanda vya unga, mafuta na sabuni, wanaingiza dawa na vyakula, na wengi wao hawajawahi kuuliza msikitini kama yupo mwenye uzamili wa kemia. Si haki kumkataza mtu haramu kisha tukamfungia halali.

NASAHA KWA WANAFUNZI

Kwanza, maliza ulichoanza. Qur'ani mwanzoni mwa Sura al-Maida imetuamrisha kutekeleza mikataba. Aliyepelekwa masomoni na mwajiri kwa sharti la kurudi, arudi. Anayedaiwa tasnifu na msimamizi wake, aikabidhi. Kutoka maabara kwa heshima ni tofauti na kutoroka.

Pili, ijue thamani ya unachokijua. Mwanafunzi aliyefanya utafiti vijijini amewahi kuomba kibali cha maadili, kukaa na wenyeviti wa vijiji, kusimamia wasaidizi, kutunza bajeti na kuandika ripoti kwa wakati. Huo ni uendeshaji wa mradi, lakini katika barua ya kazi huandika jina la mbu aliyemchunguza peke yake. Mwajiri hamjui mbu huyo. Mweleze unachoweza kumfanyia.

Tatu, usingoje hadi mwaka wa mwisho. Jifunze takwimu vizuri, kwani kila taasisi ina hesabu isiyojua kuzisoma. Jizoeze kueleza utafiti wako kwa Kiswahili mbele ya bibi yako. Ukishindwa, tatizo si la bibi. Watembelee wanaofanya kazi unazozifikiria, uwaulize siku yao inakwendaje.

Nne, shauriana na uswali istikhara. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua aliyotufundisha Mtume (S.A.W.). Istikhara si kungoja ndoto. Ni kumkabidhi Mwenyezi Mungu jambo baada ya kulifanyia uchunguzi, kisha kulikabili kwa moyo uliotulia.

Tano, chunguza nia yako pande zote mbili. Yupo anayetoka maabara kwa pupa ya fedha, na yupo anayebaki kwa kuogopa watu watasema nini. Wote wawili wanahitaji toba. Na aliyejaaliwa kipaji cha utafiti na njia ikamfungukia, abaki na asubiri, kwani umma wenye kutegemea ugunduzi wa wengine katika maradhi yake wenyewe ni umma wenye deni.

NASAHA KWA WAZAZI NA MISIKITI

Wazazi wetu, tunajua mlichouza. Mashamba, ng'ombe, vidani vya dhahabu vya kina mama. Hamkuvitoa ili mtoto apate cheo. Mlivitoa ili awe mtu mwema na msomi, naye Mwenyezi Mungu hapotezi malipo ya mwenye kutenda mema. Imamu Bukhari amepokea hadithi inayofahamisha kuwa hakuna chakula bora zaidi kwa mtu kuliko kile alichokipata kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daud (A.S.) alikula kwa kazi ya mikono yake. Alikuwa mfalme, alikuwa Mtume, na alikuwa mhunzi wa deraya.

Nayo misikiti ina wajibu. Tunazo orodha za wanaohitaji zaka, wagonjwa na wajane. Tuwe pia na orodha ya wasomi wetu na fani zao. Mara moja kwa mwezi baada ya Alasiri, mmoja wao aketi na vijana awaeleze alisoma nini, anafanya nini, na alipitia wapi. Jambo hili halihitaji mfadhili. Linahitaji mkeka na nusu saa.

Tumalizie kwa mzee wetu. Tulimwomba ampigie mwanawe simu, na asimuulize hata kidogo lini atakuwa mhadhiri. Amuulize anawafundisha nini wale wakulima. Ijumaa iliyofuata alitusimulia kuwa mazungumzo yaliyokuwa yakimalizika kwa salamu yalichukua saa nzima. Kijana alimweleza sumukuvu ni nini, inaanzia wapi na inamfanya nini mwanadamu. Mzee alipokata simu alikwenda stoo, akafungua gunia la mahindi ya nyumbani, akatia mkono mpaka chini, akakuta unyevu na kuvu. "Tulikuwa tunawasagia wajukuu," alisema, akanyamaza.

Gunia lile alilifukia. Akamwambia mwanawe aje, na aje na turubai.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa, riziki ya halali na amali yenye kukubaliwa. Awafungulie vijana wetu milango ya kheri, awape wazazi wetu nyoyo za kuwapokea, na aufanye umma huu uwe wenye kufaa watu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.